Grenda Aliyoirudisha Minko

Duka lile la bei chee lilitoa vifaa vipya kila Alhamisi, likivimwaga katika makapu makubwa ya waya katikati ya ukumbi, baina ya soksi na sufuria. Hadi saa sita mchana wastaafu wa Sevlievo, mji mdogo wa Bulgaria, walikuwa wamekwisha kupekua kila kapu. Jumamosi asubuhi wale walionunua walifika kwenye gereji ya Tsonka Marinova, kila mtu na boksi lake kwapani na risiti mfukoni, kusikiliza hukumu.

Tsonka alikuwa na miaka sitini na saba. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia katika chumba cha upimaji cha kiwanda cha zana, akipima ugumu wa patasi, koleo na biti za drili kabla hazijapigwa muhuri. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na baadaye mumewe akafariki. Lakini jicho la Tsonka halikustaafu. Ukimpa koleo jipya, alipitisha tupa kwenye meno yake. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Tupa ikila, basi umeuziwa bati. Spana aliizungusha karibu na sikio akiwa amefumba macho. Mpini wa mpira aliunusa. Kisha alisema neno moja tu, "Bakisha," au "Rudisha," na mara nyingi lilikuwa la pili.

"Afadhali kwenda kung'olewa jino," alikuwa akisema Kanyo, jirani wa nyumba ya pili. "Kule angalau wanakuchoma ganzi."

Watu walicheka, wakamletea kahawa na mitungi ya pilipili hoho za kuoka. Tsonka alijifanya hajali, lakini ikifika Ijumaa jioni alifagia gereji na kupanga tupa zake juu ya meza kwa ukubwa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupanga foleni ile, naye ni Minko, mdogo wake. Tsonka alimpita Minko kwa miaka sita. Alikuwa ameendesha gari la mikate hadi mgongo ulipomkatalia, akabaki mjane asiye na kazi, na binti mmoja aliyeolewa mji wa Stara Zagora. Vuli ile alipata jambo la kufanya. Nyumba ya wazazi wao kule kijijini, nusu saa kwa basi, ilikuwa imekaa imefungwa miaka tisa. Kichanja cha mzabibu uani kilikuwa kimeoza kwa kutu, mabomba yake yameinama hadi mtu mzima hawezi kupita bila kuinamisha kichwa. Minko alisema atayakata mabomba yote, aweke mapya, na kiangazi watakula tena chini ya mzabibu wa baba yao.

Siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu wake, iliangukia Jumapili ya Novemba. Kwa kuwa Minko hakujua kupika zaidi ya mayai, wageni walialikwa kwa dada yake: Kanyo na mkewe, na majirani wengine wawili watatu. Walikula pilipili hoho zilizojazwa wali, wakanywa rakia, pombe kali ya matunda. Katikati ya mlo Minko aliinuka, akaenda ukumbini, akarudi amekumbatia boksi.

"Hebu sogezeni sahani," alisema, huku akitabasamu kama mtoto aliyeokota sarafu. Akafungua boksi, akatoa grenda mpya ya kukatia chuma, nyekundu, bado inanuka plastiki. "Leva arobaini na tisa. Na diski tatu juu yake, za bure."

"Umeichagua mwenyewe?" Kanyo aliuliza.

"Mwenyewe. Mimi na akili zangu."

Alikuwa anaionyesha tu. Hakumwomba mtu hukumu. Tsonka alikuja kulikumbuka hilo baadaye mara nyingi, akiwa amelala na akiwa ameamka. Lakini siku ile watu wote mezani waligeuka kumtazama yeye, kama walivyomtazama kila Jumamosi, naye akavaa miwani.

"Lete hapa."

Aliinua grenda kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akapindua midomo. Aliutomasa waya kwa vidole. "Tambi," alisema. Mke wa Kanyo akacheka. Akaitikisa karibu na sikio. "Sikieni gia zinavyocheza ngoma. Na hii mota, ukiikandamiza kidogo tu itazimia. Hii si grenda, mdogo wangu. Hiki ni kikaushio cha nywele. Taabu ni kwamba nywele zenyewe huna."

Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Minko naye alicheka, akijipapasa upara, na kicheko chake kiliisha kabla ya cha wengine.

"Lakini ni nyepesi, dada," alisema. "Kwa mgongo wangu huu..."

"Ni nyepesi kwa sababu ndani hamna kitu! Kesho asubuhi rudisha. Subiri nikuonyeshe grenda."

Alishuka chini kwenye stoo, akarudi na yake, aliyoinunua mwaka themanini na moja kwenye duka la wafanyakazi. Ilikuwa nzito kama mwana nguruwe, chuma kitupu, na alipoiweka mezani glasi ziliruka. Kanyo alipiga mluzi.

Grenda ile haikuwa na kinga ya diski. Marehemu mumewe aliing'oa zamani ili diski kubwa iingie, nayo ikapotelea hukohuko gereji. Swichi yake ukiisukuma inajifunga, na mashine inazunguka hadi uisukume tena. Tsonka aliyajua yote mawili. Enzi zake kiwandani, mashine kama hiyo asingeiruhusu kuvuka mlango wa chumba chake. Lakini Jumapili ile alikuwa anapima chuma, na chuma kilikuwa kizuri.

"Hii utawaachia wajukuu," alisema.

Minko alirudisha grenda nyekundu ndani ya boksi lake. Aliukunja waya taratibu, akaufunga kwa kile kikamba chake cha karatasi, kama alivyoukuta.

Siku ya Alhamisi, Tsonka akiwa anamenya viazi, simu ililia. Alikuwa Stoyna, mwanamke aliyekaa jirani na nyumba ya wazazi wao.

"Tsonka, kaa chini kwanza. Umekaa? Minko yuko hai. Ila amejikata. Mkono."

"Kajikata vipi?"

"Ile mashine ilimruka. Mimi nilisikia kelele tu, nikadhani anaendelea na kazi, kumbe yeye ameanguka na yenyewe inazunguka uani peke yake kama mbwa mwenye kichaa. Nilikwenda kuchomoa waya ukutani. Ambulensi imeshamchukua."

Habari kamili aliipata hospitalini. Minko alikuwa juu ya ngazi fupi akikata bomba la tatu. Bomba lilipokaribia kukatika liliinama na kuibana diski. Mashine haikusimama, ilijitupa nyuma kwa nguvu zake zote, ikamponyoka mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa palepale, hamna cha kuukinga. Vidole viwili vya mwisho vilikwenda. Cha kati kilibaki, lakini daktari alisema hakitakunjika.

Minko alikuwa mweupe kama mto aliolalia. Alipomwona dada yake alijitahidi kukaa.

"Vilivyobaki vinatosha kushikia glasi," alisema.

Tsonka hakuweza kucheka. Aliketi, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. "Na ile nyingine iko wapi?" aliuliza, na hata yeye hakujua kwa nini aliuliza hilo kwanza.

"Nyekundu? Niliirudisha. Jumatatu asubuhi, duka halijafunguliwa, nipo mlangoni. Si ulisema nirudishe?" Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaka asifiwe kwa kutii. "Ulisema kweli, dada. Ya kwako ina nguvu."

Jioni ileile, kabla ya kwenda nyumbani, Tsonka alipita dukani. Makapu ya waya yalikuwa yamejaa ndala za manyoya na taa za Krismasi. Msichana wa kaunta alimwambia grenda zimeisha. Alipofika mtaani kwao, alimkuta Kanyo anamsubiri langoni kusikia hali ya mgonjwa. Akamweleza, na akamwambia pia kwamba alikuwa anaitafuta grenda kama ile ya Minko.

Kanyo alikohoa, akaangalia viatu vyake. "Ninayo," alisema.

"Unayo?"

"Niliinunua siku ileile aliyonunua Minko. Tulikuwa pamoja. Niliificha nyuma ya magunia ya kuni, kwa sababu... wewe Tsonka, unajua ulivyo."

Siku ile mezani Kanyo alikuwa amecheka kuliko wote.

Aliileta. Tsonka aliwasha taa ya gereji, akafunga bomba la zamani kwenye jiriwa, akaifungua mashine skrubu baada ya skrubu, safari hii bila watazamaji wa kuwafurahisha. Mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Waya ulikuwa mwembamba. Gia zililegea, na beringi ya nyuma haingemaliza miaka mitatu. Lakini kinga ilikuwa ya bati nene, inageuka kwa mkono na kukaza barabara. Kulikuwa na mpini wa pembeni wa kushikia. Swichi ilikuwa ndefu, chini ya kiganja, na ukiiachia tu inakata umeme.

Akaifunga tena, akaiwasha, akaanza kukata. Ilikata polepole, ikilalamika. Alipofika katikati alilikandamiza bomba kwa goti lijipinde na kuibana diski, kama lilivyofanya lile la Minko. Grenda ilinguruma, ikatetemeka kidogo mikononi, ikazimika. Akarudia. Ikazimika tena. Alirudia mara ya tatu, na Kanyo akamshika bega.

"Basi, Tsonka. Utaiunguza."

"Imezimika," alisema Tsonka. "Ingezimika tu, Kanyo. Angeitukana tu, akateremka ngazi."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kanyo hakujua pa kuweka mikono yake. Mwishoni alichukua mashine yake, akazima taa, akamsindikiza hadi mlangoni.

Jumamosi iliyofuata wateja wake walikuta gereji imefungwa. Aliwaambia ni baridi.

Ilimchukua Tsonka hadi Februari kusema alichotakiwa kusema Novemba. Binti wa Minko alikuwa amekuja, akaona mkono, akaamua baba yake hatakaa peke yake tena. Nyumba ya kijijini ilipata mnunuzi, familia kutoka Sofia iliyotaka hewa safi. Siku ya kuhamisha vitu, ndugu wale wawili walikaa kwenye ngazi ya mlango wakila mkate na jibini. Majirani ng'ambo ya ua walikuwa wanapogoa mizabibu yao. Ule wa baba yao ulikuwa umelala chini, nusu ya mabomba yamekatwa, nusu bado yameinama.

"Minko," alisema Tsonka. "Ile grenda haikuwa na kinga, nami nilijua. Nilijua siku ileile nilipokupa. Na ile yako ilikuwa nzuri kwa kazi hii. Niliipima baadaye. Haikuwa imara, ila ilikuwa nzuri kwako, na nilikucheka mbele za watu."

Minko alimega jibini.

"Najua haina kinga," alisema. "Mimi si kipofu. Niliiona kabla sijapanda nayo ngazi. Nikajiwazia, nikirudi kwa dada nikamwambia naogopa mashine yake, atanicheka tena."

Tsonka aliweka mkate chini.

"Vidole si kitu," Minko aliendelea. "Nimevizoea. Lakini siku ile, unajua, nilikuwa nimepita lile duka Alhamisi tatu mfululizo. Nilisoma maandishi yote kwenye boksi. Nikalinganisha na ya duka la mjini. Nikasema leo nitaleta kitu mezani. Mimi sijawahi kununua kitu, hata suruali, usinikosoe."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sikuwahi kukujibu."

Alikung'uta makombo ya mkate kwa mkono wa kulia na kuinuka. Tsonka alitaka aendelee, amkaripie, hata amtukane. Lakini Minko alikuwa amekwisha kuingia ndani kuangalia kama madirisha yamefungwa.

Wakala wa mauzo ya nyumba alikuja kuchukua funguo. Kisha wakatembea hadi kituo cha basi, kila mmoja na begi moja, wakizungumza kuhusu binti na wajukuu na kama nyumba ya Stara Zagora ina lifti. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali. Minko aliweka begi chini, akaanza kufunga koti lake, mkono wa kulia ukifanya kazi na ule wa kushoto ukishikilia tu. Kifungo cha juu kilimshinda, kikateleza, kikateleza tena.

Tsonka alivua glavu, akamsogelea, akamfungia kile. Minko alisimama kidevu juu, kama alivyosimama akiwa na miaka mitano na dada yake anampeleka shule. Tsonka alipoteremka kwenye kifungo cha pili, Minko alirudi nyuma hatua moja.

"Acha, dada," alisema kwa upole. "Nitaweza."

Alivifunga vilivyobaki mwenyewe. Vilikuwa vitatu, na basi lilifika kabla hajamaliza cha mwisho.