Ziwa Ambalo Wenceslas Alilizunguka

Wenceslas alikufa siku ya Jumanne, kati ya kiti na meza. Alikuwa ameinuka kwenda kuchukua chumvi, kwa sababu mkewe Athanasie alikuwa amemwambia kwamba mtu anayelalamikia chumvi ana miguu yake mwenyewe. Akasema, "Hii miguu imezunguka ziwa zima, itashindwa na chumvi?" Akacheka, akashika ukingo wa meza, na baada ya hapo hakusema tena. Majirani walikuja mbio, teksi ikapatikana, hospitali haikuwa mbali, na hakuna hata kimoja kilichosaidia. Jioni sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, walikuwa bado mezani, wamepoa, hawajaguswa.

Ziwa alilolitaja ni Lac Vert, lile dogo lililo kwenye shimo la volkano, ukitoka Goma na kupita Mugunga, upande wa pili wa ukingo unaolitenga na Kivu. Kila Jumatatu ya Pasaka Wenceslas alivaa viatu vyake vya ngozi, akachukua fimbo, akaenda kulizunguka kwa miguu pamoja na rafiki yake Havugimana, aliyekaa katika kimoja cha vijiji vya zamani vya huko kilimani. Watu wa vijiji vile husema mababu zao walikuwa wakilima pale wakati Goma bado ni mwamba mtupu, na huonyesha mawe ya kusagia mtama yaliyolika katikati kama kijiko. Jioni Wenceslas alirudi na matope mpaka kwenye vifundo, akaketi mlangoni kama mtu aliyetoka vitani.

"Athanasie, njoo siku moja uone kilima. Kumbe wewe unachoka ukiona viatu tu!"

Athanasie hakwenda hata mara moja. Mwaka huu goti, mwaka ujao maharage yako motoni, mwaka mwingine misa. Lakini viatu alivipiga brashi yeye, kila Pasaka, kwa heshima.

Wenceslas alikuwa Mushi, mmoja wa Bashi wa upande wa Bukavu, karani wa ghala moja mjini. Athanasie alizaliwa Kibumba, kwenye njia ya Rutshuru, kwenye kabichi na ukungu, katika familia inayosema Kinyarwanda. Nyumba yao iliishi kwa utani. Yeye alimwambia mumewe kwamba Bashi wakiona bugali husahau ubatizo. Naye alimjibu kwamba watu wa Rutshuru wangeweza kumposa ng'ombe, ila padri anakataa. Aliyewashinda wote kwa matusi ya kirafiki alikuwa Havugimana. Yeye na Wenceslas walikuwa wamechukuliana kuwa watani tangu ujana, na kila mtu alijua kwamba siku mmoja wao akifa, mwingine atasimama mbele ya watu na kumtukana marehemu vizuri, mpaka kilio kipate pumzi.

Siku ya maziko Havugimana alifika, akaketi kwenye kona, kofia juu ya magoti. Hakusema neno. Alikula kidogo, akamshika Athanasie mkono, akapanda kurudi kilimani.

Tangu siku ile nyumba ilikaa kimya mwaka mzima. Watu waliingia wakinyata. Hata Yaya Clotilde, yaani dada mkubwa wa Wenceslas, ambaye tangu harusi alikuwa akimwita Athanasie "muke wetu asiyejua kupika bugali," sasa alimwita "mama" kwa sauti ya mtu anayebeba mayai. Athanasie alichukia sauti ile kuliko kitu chochote. Vichekesho vya mumewe vilikuwa vimeanza kumponyoka. Aliamka asubuhi akajaribu kukumbuka kimoja, akapata mwanzo wake tu, bila mwisho.

Na sasa Jumamosi ilikuwa inakuja, siku ya kuondoa kilio. Watavua nguo za msiba, watakula, na jambo litafungwa. Athanasie alitaka kitu kimoja tu: Havugimana aje aseme. Likifungwa Havugimana akiwa amenyamaza, Wenceslas atakuwa ameondoka kama mtu asiyekuwa na rafiki. Lakini kwa nini alinyamaza? Je, walikosana? Je, kuna utani uliopita mpaka? Swali la namna hiyo haliulizwi kwenye simu, na hata hivyo simu ya Havugimana ilikuwa haipatikani.

"Nitaenda kwa miguu," alimwambia Clotilde. "Nitafuata njia yake, nizunguke ziwa mpaka kwa Havugimana."

"Vizuri, mama," alisema Clotilde taratibu. "Nitakusindikiza, mama."

Walipanda moto, pikipiki za kukodi, mpaka Mugunga, wakateremka, wakapita uwanja ambako mahema ya wakimbizi yalikuwa yamesimama na sasa kulikuwa na viraka vya mahindi. Njia ilianza kupanda kati ya kuta za mawe meusi. Clotilde alikuwa mbele, mwembamba, na kila baada ya hatua chache aligeuka.

"Polepole, mama. Usijichokeshe, mama."

"Yaya Clotilde, ukiniita mama tena, nitakusukuma ndani ya ziwa."

Clotilde aliinamisha macho kwa huruma, kana kwamba ni homa inayosema. Athanasie akaendelea kupanda.

Ziwa lilijitokeza ghafla chini yao. Lilikuwa kijani kweli, kijani ya majani ya muhogo yaliyosagwa, limetulia ndani ya kuta zake, upepo wa Kivu ukilipita juu bila kuligusa. Athanasie alisimama akatazama. Miaka yote hii alilichukulia kuwa dogo kwa sababu Wenceslas alilizungumzia kana kwamba ni bakuli lake la chai. Haikuwa hivyo. Njia ilifuata ukingo, ikapotea kwenye migomba, ikaonekana mbali sana, nyembamba, upande wa pili. Moyoni alimwomba radhi mumewe. Mtu aliyekuwa akizunguka hili kila mwaka alistahili brashi.

Kwenye kijiji cha kwanza, nyuma ya ua wa minyaa, mwanamke mnene alikuwa akichuja pombe ya ndizi, ile kasiksi, kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye dumu. Aliwatazama, akapangusa mikono.

"Karibuni, bamama. Mimi Uwimbabazi. Munatoka wapi?"

"Goma. Tuko tunaenda kwa Havugimana," alisema Athanasie. "Mimi ni muke ya Wenceslas."

Uwimbabazi aliweka ndoo chini. Aliwakumbatia wote wawili, akawapa viti, akatoa pole zake ndefu. Halafu akauliza, "Lakini kwa Havugimana, ju ya nini munapita huku? Njia ya mukato iko kule chini."

"Tunafuata njia ya Wenceslas. Ile ya kuzunguka ziwa."

"Ya kuzunguka nini?"

"Ziwa."

Uwimbabazi alimtazama Clotilde, akamtazama Athanasie, akatazama dumu la kasiksi kama mtu anayeomba ushauri.

"Mama," alisema mwishowe, "njia ya Wenceslas inaishiaka hapa."

Alionyesha benchi ukutani. Lilikuwa la ubao, limelainishwa mahali pawili.

"Yeye pale, Havugimana pale. Asubuhi mpaka jua linageuka. Bananinywia pombe, banatukanana, banaimba nyimbo za misa vibaya. Nilikuwa namuambia, Papa Wence, nenda basi uzunguke hata nusu. Ananiambia, Uwimbabazi, ziwa lisilokimbia, mutu analikimbilia nini?"

"Lakini alirudi na matope!" alisema Athanasie. "Mpaka hapa!"

"Ah, matope." Uwimbabazi alionyesha kishimo karibu na mahali pa kumwagia maji. "Ni hapa alikuwa anayapakaa. Na kijiti. Kwanza kiatu cha kuume, anakitazama, anasema: hapana, huyu wa Kibumba ni mutoto wa mulimaji, anajua matope, tuongeze."

Athanasie aliona viatu vile, viwili, mlangoni, Pasaka baada ya Pasaka, na yeye ameinama na brashi, akikwangua kwa heshima matope ya kasiksi. Kicheko kilianza kumpanda. Alijaribu kukizuia kwa mkono, mkono ukashindwa. Alicheka. Alicheka kwa sauti, mwili mzima, mpaka kiti kikalia, na machozi yalipopata njia akayaacha nayo yatoke, kwani yalikuwa na zamu yao.

"Athanasie!" Clotilde aliruka. "Kilio hakijaondolewa! Batu yenu batasema nini?"

"Batu yetu?" Athanasie alijipangusa. "Ni ninyi Bashi ndio mnakataza kucheka."

"Sisi? Sisi tunamutania maiti mpaka kaburini! Ni ninyi, batu ya Rutshuru, batu ya heshima, ya kusema chini chini kama maziwa yatamwagika."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliwaona! Siku ile dada zako baliingia kimya. Nikasema, bon, hivi njo desturi yao, tusibakosee. Nikasimama mulangoni nikaambia kila mutu wetu: taratibu, hapa hakuna utani."

"Dada zangu baliingia kimya kwa sababu baliona ninyi mko kimya!"

Uwimbabazi alikuwa ameshika tumbo. "Mwaka muzima?" aliuliza. "Mulinyamaziana mwaka muzima, kwa adabu?"

Athanasie hakumsikia. "Na Havugimana? Alinyamaza ju ya nini?"

Clotilde aliangalia ziwa. Pembe za midomo yake zilikuwa zinatetemeka, na haikujulikana kama ni aibu au kitu kingine.

"Alikuwa anasimama," alisema. "Alikuwa ameshavua kofia na kufungua mudomo. Mimi njo nilimushika mukono. Nikamuambia: Papa, si leo. Si kwa hawa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Havugimana hakuwa amekosana na mtu. Alikuwa amezibwa mdomo na dada wa marehemu, kwa heshima.

"Yaya Clotilde," alisema Athanasie, "weye uko mujinga."

Clotilde alimgeukia. Sauti ya mayai ilivunjika palepale. "Mujinga ni mutu alipiga brashi matope ya kishimo miaka yote ile, muke wetu."

Uwimbabazi aliwasindikiza, maana mgeni haachwi aondoke peke yake, na kwa kuwa hakutaka kupitwa na maneno aliwasindikiza mbali kuliko desturi inavyodai. Walilizunguka ziwa. Ile njia ya upande wa pili ilikuwa ya mbuzi tu. Mahali pengine walishika mizizi, mahali pengine waliketi na kuteleza, na Athanasie alipoteleza Clotilde alimwambia kwamba sasa ameelewa kwa nini Kibumba wanalima kabichi, ni kwa kufuata umbo. Goti liliuma. Hakuna aliyemwita mama.

Havugimana alikuwa akipalilia viazi mbele ya nyumba yake. Alipowaona alisimama, akavua kofia, na ile sauti ikatoka, ileile ya wote.

"Pole, mama. Karibu, mama. Mumekuja na njia gani?"

"Tumezunguka ziwa," alisema Athanasie.

Havugimana alitazama magauni yao, matope, majani kwenye nywele.

"Lote?"

"Lote. Weye ulishafika kule upande wa mizizi?"

Mzee alirudisha kofia kichwani, polepole. "Uwimbabazi," alisema, "iko na mudomo kubwa kuliko dumu yake."

Uwimbabazi, aliyekuwa nyuma yao, akaitikia kwamba ndiyo.

Athanasie alimweleza yote: kosa la Clotilde, Jumamosi, anachotaka. Havugimana alisikiliza akiegemea jembe. Halafu akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Siku ile nilikuwa nayo, maneno. Nilikuja nayo njia nzima, nikacheka peke yangu kwa moto mpaka dereva akaogopa. Yalirudi na mimi hapa, yakakauka. Utani ni batu wawili. Mimi sasa nitamutania nani? Nitaonekana mwehu anayegombana na picha."

Alisema hivyo bila hasira, na Athanasie akaona kwamba hatakuja. Akaona Jumamosi itakavyokuwa, watu na sahani, na kona yenye mtu mwenye kofia magotini. Alitafuta neno la kumbembeleza, hakulipata. Alichopata ni kichekesho cha Wenceslas, kizima, mwanzo na mwisho, kikiwa na sauti yake ndani.

"Havugimana," alisema, "bwana yangu alikuwaka anasema weye ulizaliwa na hiyo kofia. Mama yako aliona kichwa, akaomba kifunikwe kabla baba hajafika."

Clotilde alishika mdomo.

Havugimana alimkodolea macho mwanamke yule, mwenye matope mpaka kiunoni. Uso wake ulifanya kazi nyingi kwa wakati mmoja.

"Yeye," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imefunguka, "yeye alisema hivyo? Ule mwenye masikio kama milango ya kanisa siku ya ubatizo? Ule aliyekuja kuposa kwenu Kibumba akauliza kabichi zinachinjwa saa ngapi?"

"Huyohuyo."

"Na weye ukakubali kuolewa naye."

"Nilikuwa ninahurumia masikio."

Havugimana aliacha jembe lianguke. Aliketi kwenye tuta la viazi na kufunika uso kwa kofia, na mabega yakatikisika muda mrefu. Walimwacha. Alipoondoa kofia alisema, "Jumamosi mutapika nini? Nisikuje kutukana bure."

Alikuja. Alisimama baada ya sala, na alisema mpaka chakula kikapoa. Alianza na benchi la Uwimbabazi na kishimo cha matope, akamwita Athanasie asimame ashuhudie habari ya brashi, na padri alijipinda akikohoa. Dada za Athanasie na Bashi wa Clotilde walicheka wakitazamana, kila upande ukishangaa kwamba mwingine ana meno. Athanasie alilia pia, akiwa amesimama, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku hizi Havugimana anashuka Goma Jumapili, mvua isipokuwa nyingi. Anakula bugali ya Clotilde na maharage ya Athanasie, analaumu vyote viwili, na jioni wanawake hao wanamsindikiza mpaka barabarani anakopanda moto.