Sauti Iliyobaki kwenye Spika

Gratien alikuwa mwimbaji wa injili aliyevuma sana Bujumbura kabla ya kuhamia Stockholm, na waumini wa kanisa la Warundi katika mtaa wa Tensta jijini humo walijivunia kumpata siku ya sherehe yao. Hawakujua kwamba sauti yake ilikauka tangu augue koo, na kwamba siku hizi alichezesha midomo tu huku rekodi ikiimba.

Katikati ya wimbo kikohozi kikampanda. Akainama, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na wakati wote huo sauti yake tamu iliendelea kuimba kwenye spika. Watoto wakacheka. Watu wazima wakatazama chini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akamwashiria fundi wa mitambo azime.

"Nisameheni," akasema kwa sauti ya mkwaruzo. "Hii ndiyo niliyobaki nayo."

"Basi imba kwa hiyo hiyo, kaka," akajibu Xavérine, kiongozi wa kwaya.

Akajaribu ubeti mmoja. Ukatoka umekatikakatika, kwaya ikamsaidia kuumaliza. Walipompigia makofi alishindwa kuinua uso, na kwenye treni ya kurudi nyumbani Hallonbergen alivuta kofia mpaka machoni, asije akatambuliwa.