Bampa la Chuma

Mimi ni fundi magari hapa Karatu, na mdomo wangu ndio uliomuua shemeji yangu. Niliseme hilo mapema, nisije nikajionea huruma njiani.

Piusi, mume wa dada yangu Martha, alikuwa na gari kuukuu alilolinunua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Tuliliita Chuma. Bampa lake nililichomelea mwenyewe kwa bomba nene la maji. Gari lenyewe halikuwa na mikanda wala mifuko ya hewa, na sisi tuliona hizo ni mbwembwe za waoga. Siku Mwalimu Angela alipoleta kigari chake kipya, kile kinachopiga kelele usipofunga mkanda, nilikigonga boneti kwa kidole mbele ya gereji nzima.

“Mwalimu, hili kopo la maziwa. Ukikutana na Chuma tutakuzoa kwa beleshi.”

Piusi alicheka mpaka akakohoa.

Walikutana kweli, Jumanne asubuhi, kwenye kona ya kushuka kutoka Oldeani, ukungu umetanda. Nilipofika na bodaboda, kigari cha mwalimu kilikuwa kimekunjamana hadi kwenye kioo, na watu wote wako huko wakivuta mlango. Chuma lilisimama, bampa halina hata mkwaruzo. Nasema ukweli, nilifurahi.

Piusi alikuwa bado kwenye kiti, kifua amekiegemeza kwenye usukani.

“Tumeshinda, shemeji,” nikamwambia.

“Niwahishe hospitali Karatu,” akasema taratibu. “Kifua.”

“Tulia hapo. Gari zima, na wewe mzima. Ngoja tumtoe huyu wa kwenye kopo.”

Ilipita pikapu moja tu. Mwalimu alikuwa ameshatolewa, anatembea kwa miguu yake, mdomo umepasuka kidogo. Akasema apelekwe Piusi. Tukamwambia amechanganyikiwa, tukamsukumia ndani, pikapu ikaondoka. Mimi nikabaki nawaonyesha watu bampa langu.

Niliporudi dirishani Piusi alikuwa amekufa.

Nikamsogeza kiti cha pili, nikawasha. Chuma likawaka mara moja.

Martha alikuwa ameshapigiwa simu kwamba magari yamegongana. Alipoliona Chuma linaingia uani likiwa zima, akamshukuru Mungu kwa sauti, akarudi ndani kumtilia mumewe chai.