Dada, Hii Inasemaje?

Miaka saba nafundisha Kiingereza hapa Mokpo, na mpaka leo ukinipa barua ya Kikorea nitakutajia herufi zote bila kuelewa hata mstari mmoja. Ni uvivu tu, sina pa kuuficha. Kila tangazo la shule nilimrushia kwenye simu mwalimu mwenzangu, Suk-yeong, na swali lile lile: "Dada, hii inasemaje?" Naye alinijibu: kesho tunakula pamoja na mkuu wa shule, Ijumaa uje na viatu vya michezo.

Desemba akanichoka. Tulikuwa chumba cha walimu, tunamenya machenza.

"Miaka saba, Dineo! Watoto wa darasa la kwanza wanakushinda. Huoni aibu?"

"Aibu ya nini, na wewe upo?"

"Na nisipokuwepo?"

"Nitatafuta dada mwingine, asiye na makelele."

Nilidhani atacheka. Aliyakusanya maganda kwa kiganja, akatoka. Likizo ilipoanza nikasikia amelazwa. Aliniandikia kwamba ni uvimbe mdogo tu, nisihangaike kwenda. Basi nikapanga kumwomba radhi shule zikifunguliwa, ana kwa ana.

Jumanne moja ya Januari ukaingia ujumbe wa shule, mrefu, Kikorea kitupu. Nikamrushia. "Dada, hii inasemaje?" Kimya. Nikajua bado kaninunia. Jumatano nikamrushia tena, na kikatuni kinacholia. Kimya. Alhamisi asubuhi nikaenda sokoni kumnunulia machenza, kilo mbili, nikichagua moja moja.

Ijumaa simu yake ikajibu kwa ujumbe.

"Mwalimu Dineo, mimi ni mume wa Suk-yeong. Samahani, simu yake nimeifungua leo. Aliniachia maagizo kwamba ukituma tangazo nikusomee, maana huna mtu mwingine. Hili linasema: Mwalimu Baek Suk-yeong amefariki leo Jumanne alfajiri. Mnaweza kuja kumuaga mpaka Alhamisi asubuhi, atakapozikwa."

Hapa msiba ni siku tatu, basi. Walimu wote walikwenda kuinama mbele ya picha yake, wala hakuna aliyenipigia, kwa sababu kila mmoja alijua nimepata ujumbe kama yeye. Nilikaa sakafuni na simu mkononi, nikalia.

Ukaingia ujumbe mwingine kutoka kwa mume wake.

"Kama kuna neno hukuelewa, uliza."