Jumamosi Sita kwa Niaba ya Mkurugenzi

Muhuri ulikuwa mali ya Idara ya Mizani na Vipimo, lakini ulilala kwenye droo ya katibu muhtasi, na ufunguo wa droo ulining'inia shingoni mwake, chini ya blauzi. Kwa miaka kumi na mmoja mama huyu alikuwa ameandika "kwa niaba ya Mkurugenzi" mara nyingi mno, hadi wenzake wakambandika jina la Mama Kwaniaba, naye akaitika. Vikaoni alikwenda yeye. Mazishini alikwenda yeye. Mwaka juzi alikaa siku tatu kwenye semina ya uongozi bora, akarudi na cheti chenye jina la bosi, akakitundika mwenyewe ukutani. Mkurugenzi alikisoma kwa makini, akaridhika na juhudi zake mwenyewe.

Kisha bosi wa idara ya ghorofa ya juu akarudi likizo na picha yake amechuchumaa karibu na sokwe. Picha kubwa kama mlango, akaiweka kwenye ngazi, kila mgeni aione. Mkurugenzi alikosa raha. Akaapa kwenda mbali zaidi, mahali ambapo yule wa juu asingeweza hata kupaonyesha kwenye ramani. Akapekua huku na huku, akakipata: kisiwa kisicho na hoteli wala mtandao, mwendo wa siku tatu kwa meli, wanakotaga ndege wasioonekana kwingine kokote. Wageni walioruhusiwa kufika ni kumi na wawili tu kwa mwaka.

Palikuwa na sharti. Walinzi wa kisiwa hawakumpa mtu kibali mpaka ahudhurie darasa, Jumamosi sita mfululizo, kisha aulizwe maswali ana kwa ana.

"Mama, hilo darasa nenda wewe," Mkurugenzi akasema, macho kwenye simu. "Ukirudi utanipa kwa ufupi."

Hakuona ajabu yoyote. Hata Mama Kwaniaba hakuona. Alilalamikia Jumamosi zake tu, tena moyoni.

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, viti vya plastiki na feni moja inayolia. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeishi kisiwani miaka tisa na kurudi na tabia ya kutopoteza maneno. Alipoona kwenye rejista yale maandishi ya "kwa niaba ya", alinyanyua nyusi.

"Andika upendavyo," akasema. "Mimi nakariri sura."

Siku ile ya kwanza aliwavua viatu. Kila mmoja akapewa mswaki na karatasi nyeupe, akaambiwa asugue soli juu ya karatasi. Viatu vya Mama Kwaniaba, ambavyo alivipaka rangi kila asubuhi na kuvionea fahari, vilitoa mbegu tisa. Mwalimu akawaeleza kwamba nyasi zilizoziba mteremko mzima wa kisiwa ziliingia kisiwani kwa soksi za bwana mmoja aliyekuwa msafi sana.

Jumamosi ya pili alitandaza maboksi matupu sakafuni, chini ya kila moja yai bichi, katikati akaweka ubao mwembamba. Wale ndege, alieleza, hutaga ndani ya mashimo, na ardhi ya kule imetobolewa hadi inabonyea kama sifongo. Yai ni moja kwa mwaka. Kifaranga huachwa peke yake shimoni siku nyingi, wazazi wakitafuta chakula baharini, na mtu akiteleza nje ya ubao hatasikia hata mlio. Mama Kwaniaba aliteleza mara mbili. Alirudi nyumbani na ute wa yai umekaukia kwenye kisigino.

Mumewe, fundi wa friji, alimkuta mlangoni akisugua viatu vyake yeye fundi kwa mswaki.

"Mke wangu, hapa ni sebuleni. Hakuna ndege."

"Wangeweza kuwepo," akajibu, akaendelea kusugua.

Ndipo fundi alipojua kwamba mambo yameharibika. Kufikia Jumamosi ya nne mkewe alikuwa anafungia vitunguu kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu panya mmoja mwenye mimba alisafiri hadi kisiwani ndani ya gunia la vitunguu akamaliza vifaranga wa pwani nzima. Alipomuuliza kama yeye mwenyewe anatamani kwenda, aliwahi mno kusema hapana. Kisha akasema ndiyo. Lakini kwa likizo ipi? Fomu za likizo za idara nzima alizisaini yeye, kwa niaba. Yake tu ndiyo aliyoona aibu kujisainia, kwa hiyo aliiweka mezani kwa bosi, nayo ilikuwa na mwaka wa nne pale, chini ya jiwe la kukandamizia karatasi. Ofisi itasimama, Mkurugenzi alisema kila alipokumbushwa.

Muhtasari alimpelekea. Wa kwanza ulikuwa kurasa nne, bosi akaomba ukurasa mmoja. Akapewa mmoja, akaomba mambo muhimu matatu. Mama Kwaniaba akaandika: sugua viatu, usitoke kwenye ubao, usiguse ndege. Karatasi ilirudi na wino wa kijani: "Nimeisoma. Nakubaliana nayo." Wiki hiyohiyo Mkurugenzi alinunua buti zenye soli ya mifereji, filimbi ya kuita ndege, na kofia pana iliyochomekwa unyoya. Alizijaribu ofisini, akitembea kutoka dirishani hadi kabatini. Mama Kwaniaba aliziangalia zile buti zikikanyaga zulia, na kila hatua akasikia boksi likibonyea.

Siku ya maswali Mkurugenzi alifika mwenyewe, kofia kichwani, katibu nyuma yake na faili. Mwalimu alimtazama kama mtu aliyekosea mlango.

"Kofia yako imepeperuka," alimuuliza, "imeangukia hatua tatu nje ya ubao. Utafanyaje?"

Mkurugenzi alimwangalia Mama Kwaniaba. Mama Kwaniaba aliangalia sakafu.

"Nitamtuma mtu aichukue."

"Huyo mtu atakanyaga wapi?"

Mwalimu akamgeukia katibu, akamuuliza swali lilelile.

"Naiacha," alisema. "Najaza fomu kwamba nimepoteza kofia. Na mwakani nikisikia bado ipo, naiacha tena."

Mkurugenzi akaeleza kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto, kwamba majibu ya katibu ni yake. Mama huyu alikaa darasani kwa niaba yake. Kwa hiyo aliyesoma ni yeye Mkurugenzi. Rejista ipo, sahihi sita.

"Kifaranga hasomi rejista," mwalimu akasema. Akavuta fomu ya kibali, akamwinamia Mama Kwaniaba. "Jina lako kamili?"

Akalitaja lote, la kwake na la baba yake, na mwalimu akaliandika.

Jumatatu Mkurugenzi hakugomba. Alimwita, akamwambia kuna kosa dogo la maandishi limetokea. Aandae barua ya kuomba jina kwenye kibali libadilishwe, asaini kwa niaba yake, ipelekwe kabla ya saa sita.

Mama Kwaniaba aliichapa vizuri barua ile, bila kosa. Akaingia nayo kwa bosi, aliyekuwa kwenye simu, akalinyanyua lile jiwe, akachomoa fomu yake ya likizo na kuilaza barua mahali pake, ingoje zamu. Alirudi mezani, akafungua droo. Akaandika kwenye fomu ile "kwa niaba ya Mkurugenzi", akasaini, akagonga muhuri. Miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyewahi kuihoji sahihi ile.

Kisha akachukua karatasi safi na kumwandikia bosi wake mambo muhimu matatu. Muhuri uko kwenye droo. Ufunguo ndio huu. Kikao cha saa nne, nenda mwenyewe.