Urefu wa Korongo

Kalamu alihamia karakana ya baba mkwe wake kwa sababu jengo alilokuwa na ofisi lilibomolewa kupisha barabara. Wazo lilikuwa la mkewe. "Baba ana chumba cha mbele kimejaa makopo ya rangi," alisema. "Toa makopo, weka kompyuta yako. Hali mtu yule."

Kweli mzee hakumla mtu, ila hakumsemesha sana pia. Alikuwa fundi wa mageti, watu wakimwita Cheche, na kwa miaka thelathini alikuwa amezoea kazi inayopiga kelele. Mwanamume mzima anayekaa kitini kutwa akisukuma kipanya, akitengeneza kadi za mwaliko na vibandiko vya maduka, alimtia huruma kidogo. Yeye ndiye aliyempachika mkwewe jina la Kalamu, nalo likashika kama rangi ya mafuta kwenye nguo.

Miezi saba ikapita wakisalimiana mlangoni tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kalamu. Panya wako hajambo?"

"Hajambo, baba."

Basi, kila mmoja akashika lake. Mzee hakuwahi kukanyaga ndani ya chumba kile. Akimhitaji mkwewe aliita kutoka nje, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Jumanne moja asubuhi, Kalamu alisikia grenda ya kukatia chuma imezimwa, wala haikuwashwa tena. Kimya kile ndicho kilichomtoa kitini. Alimkuta mzee amepiga magoti sakafuni, kipande cha waya mkononi, akiutazama mchoro wa chaki mrefu kuliko mtu. Ulikuwa mchoro wa korongo.

Korongo huyo aliagizwa na mwalimu mstaafu aliyegeuza sebule yake kuwa chumba cha kusomea watoto. Alitaka geti lenye ndege wa mstari mmoja: chuma kianzie kwenye kidole cha mguu, kipande juu, kizunguke tumbo na bawa, kijikunje shingoni, kiishie kwenye ncha ya mdomo, bila kiungo hata kimoja. "Watoto watapitisha vidole humo kutwa," alisema. "Sitaki wakute uvimbe njiani." Mzee akaahidi mbele ya mashahidi. Fremu ilikuwa tayari imechomelewa, mguu ukae chini na mdomo uguse upau wa juu, kwa hiyo ndege hakuweza kupunguzwa. Na chuma cha aina ile hutoka kiwandani kikiwa na mita sita, hakizidi. Kimoja kilichonyooka kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kinangoja.

"Waya huu una wazimu," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Nimeulaza juu ya chaki mara tatu. Mara ya kwanza mita sita na sentimita nane. Mara ya pili, sita na mbili. Mara ya tatu, tano na tisini na tisa. Niamini ipi?"

"Siku zote unafanyaje, baba?"

"Siku zote naongeza shibiri moja, kinachozidi nakata. Leo shibiri naitoa wapi?"

Kalamu alijikuna kichwa pasipowasha. Kumfundisha mkwe kazi yake ni sawa na kumwonyesha mtu njia ya kwenda chumbani kwake mwenyewe. Lakini mzee alikuwa amekwama, na hilo lilikuwa wazi.

"Samahani, baba. Naweza kujaribu kumpima ndani, kwenye kompyuta?"

"Ndege ana mita sita, meza yako haifiki mbili."

"Nampiga picha kwanza."

Mzee alicheka, lakini alisimama na kuleta ngazi. Kalamu alinyoosha tepu kando ya mchoro, mita moja kamili, kisha akapanda mpaka simu yake ikawa juu ya korongo sawasawa. Mzee aliishika ngazi kwa mikono miwili. "Usianguke," alisema. "Binti yangu ataniuliza mimi, hatamuuliza huyu ndege."

Chumbani, Kalamu aliingiza picha kwenye programu yake ya kuchora na kuikuza hadi mita ya tepu ikawa mita kweli. Kisha akaanza kufuata chaki kwa kipanya, akibonyeza pointi moja baada ya nyingine. Alikuwa makini mno. Kila alipoona mstari unayumba aliongeza pointi. Alipofika mdomoni alikuwa ameweka mia moja na arobaini. Akaiuliza programu urefu. Mita sita na sentimita ishirini na saba.

Alitoka hadi mlangoni akaitaja ile namba kama anayetoa habari ya msiba.

Mzee alisimama taratibu, akaja, akafuta viatu vyake kwenye gunia mara mbili, na kwa mara ya kwanza akaingia. Alivaa miwani. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mkuze."

Kalamu akamkuza.

"Huyu si korongo wangu. Huyu ana homa, anatetemeka."

Kalamu alitazama, na kweli. Kila pointi ilikuwa imeangukia ndani kidogo au nje kidogo, na mstari ulikuwa umejaa vijikunjo kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Kila kijikunjo kilikuwa kimeongeza urefu wake mdogo, na vidogo vikijumlishwa huwa vikubwa.

"Mimi mstari huu niliuvuta kwa pumzi moja," mzee alisema. "Wewe umesimama mara ngapi?"

"Mia moja na arobaini."

"Kama mgonjwa wa tumbo!"

Wote wawili walicheka, na kicheko kile kikafungua mlango ambao miezi saba ya salamu haikuufungua. Kalamu alifuta kila kitu. Alivuta kiti cha pili, mzee akakaa. Safari hii waliweka pointi pale tu ndege alipobadili mwelekeo, mzee akielekeza kwa kidole chenye kovu. "Hapo usiguse, pita. Pita. Haya, sasa!" Kila pointi ilikuwa na vijiti viwili pembeni, kama mikono, vya kuvuta ili mkunjo ujae au utulie, na kabla Kalamu hajamaliza kueleza mzee alikuwa ameshaelewa.

"Ni kama pini zangu za kupindia pale mezani. Chuma kinageukia hapa, kinajaa pale."

"Ndiyo hivyo hivyo, baba."

Pointi kumi na moja zilitosha. Mita sita na sentimita sita.

"Bado anazidi," Kalamu alisema.

Mzee alisugua kidevu. "Umefuata ukingo gani wa chaki? Maana nimeichora nene."

"Wa nje. Ndio unaoonekana vizuri."

"Aa, mwanangu! Chuma ukikipinda, upande wa nje unavutika, wa ndani unabanwa. Katikati peke yake ndiko kusikobadilika. Ukitaka urefu wa kukata, pita katikati."

Kalamu alisogeza mstari pointi kwa pointi hadi ukalala katikati ya chaki. Aliuliza urefu, akasoma, akasoma tena. Mita tano na sentimita tisini na saba.

Mzee hakushangilia. "Na hiyo kompyuta yako, nani kaipima?"

Lilikuwa swali zuri. Kalamu alichora mstari juu ya tepu yenyewe iliyokuwa pichani, akauliza urefu wake. Mita moja, wala haikuzidi wala haikupungua.

"Hapo umefanya kifundi," mzee alisema. "Vaa glavu."

Walianza kupinda kabla ya saa tano. Kalamu alishika ncha ya mbali na kutembea nayo kuzunguka meza kadiri chuma kilivyogeuka. Kila baada ya mkunjo walikilaza juu ya chaki, wakatazama, wakanyanyua. Mgongo ulianza kumuuma saa sita. Kwenye shingo walipitiliza, chuma kikajikunja zaidi ya chaki kwa upana wa kidole. Mzee alitia kipande cha bomba kwenye ncha, akasema, "Polepole, kama unamnyoosha mtoto mkono," wakairudisha pamoja.

Mkewe Kalamu, ambaye alikuwa mkunga, alipita akitoka zamu na chakula chao kwenye kapu. Alisimama mlangoni. Alimwona mumewe ana masizi mpaka masikioni, na baba yake anamwambia, "Shikilia hapo, mwanangu, usiachie." Aliweka kapu juu ya stuli, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akatazama hadi mwisho, ingawa macho yalikuwa mazito kwa usingizi.

Saa tisa walimsimamisha korongo ndani ya fremu. Mguu ulikaa chini. Mdomo uligusa upau wa juu na kuupita kwa upana wa vidole viwili. Mzee alikikata kile kipande kilichozidi.

"Baba umemaliza?" binti yake aliuliza.

"Tumemaliza," mzee alimsahihisha. "Tuletee chakula, mumeo anatetemeka kama mstari wake wa kwanza."

Mwalimu alikuja saa kumi na moja. Aliweka kidole mguuni mwa ndege, akakipandisha, akakizungusha tumboni na kwenye bawa, akapinda nacho shingoni hadi mdomoni. Akarudi tena kwa njia ile ile, macho ameyafumba. "Huyu anapumua," alisema, akawashika mikono wote wawili kwa pamoja, masizi na yote.

Jua lilipokuwa linashuka, Kalamu alinawa na kurudi chumbani kuzima kompyuta. Alimkuta mzee kwenye kiti chake, kipanya mkononi kama ameshika kifaranga. Alikuwa ameweka pointi tatu na kuivuta mikono ya pointi hizo, na katikati ya ukurasa mweupe kulikuwa na kitu kama sikio.

"Kishikio cha mlango," mzee alieleza. "Urefu wake nitauonaje?"

Kalamu alimwonyesha pa kubonyeza.

"Sentimita thelathini na moja! Ngoja nimnenepeshe." Akavuta mkono mmoja wa pointi, sikio likavimba. "Thelathini na nne. Usizime, mwanangu. Nina kingine."