Kilio cha Kengele

"Basi kama hutaki kumsikia akifa, ungemzuia asisaini," Cheche alisema, amejiegemeza kwenye fremu ya mlango wake, kifua wazi, padi ya kuchezea gemu bado mkononi. "Kampuni imemweka mle ndani auawe. Mimi ninamuua. Kosa langu liko wapi?"

Mama Kengele alimwambia kosa lake liko kwenye spika, na kwamba wanaume wenye akili zao hawashindi mchana kutwa wakichinja watu kwenye kioo cha runinga. Cheche, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, akajibu kuwa wiki hii karakana haina umeme na yeye hawezi kuunga vyuma kwa mate. Korido ikacheka. Wote walikuwa wameshatoka: mshonaji wa chumba cha mwisho na utepe wake shingoni, muuza mitumba na mguu mmoja wa kiatu, na wengine waliokuja kwa sababu tu ugomvi hauna kiingilio.

"Si wewe uliyetupigisha makofi kwa ajili ya gemu hilo hilo?" mshonaji aliuliza, na hapo alimgusa penyewe.

Maana ilikuwa kweli. Kengele alikuwa mwanawe wa pekee, msichana aliyekulia kwenye korido ile, akiimba huku anadeki ngazi, mpaka nchi nzima ikamjua. Mwaka juzi kampuni ya magemu ilimwomba wimbo wa kufungulia gemu lao la mapigano, na mama akapita mlango kwa mlango akitangaza. Mwaka huu wakamrudia. Safari hii walimtaka aingie mwenyewe, sura yake, mwendo wake, buti zake za njano, awe mpiganaji wa visu viwili. Mama akabandika bango mlangoni na kuwaita majirani wote waje kunywa soda. Hakuna aliyemwambia kuwa mpiganaji naye huchinjwa. Tena Kengele wa kwenye gemu alikuwa mgumu kufa, na ndiyo maana wanaume walipenda kumuua. Kila alipokufa alitoa kilio kirefu, kinaanzia juu, kinakatika katikati kama ukuni mkavu, halafu kinamalizikia na kipumzi cha kuomba.

Siku nne nyuma, kilipopita ukutani mara ya kwanza, Mama Kengele alikuwa anakata vitunguu. Kisu kilimzama kidoleni na hakukisikia. Majirani walidhani anamwonea uchungu mwanawe. Aliwaacha wadhani hivyo.

Alipoachana na Cheche alirudi ndani, akampigia simu binti yake, akamwambia aje leo hii, si kesho.

Kengele alifika saa saba mchana, kofia mpaka kwenye nyusi na miwani myeusi, kwa ngazi za nyuma ili watoto wasimzonge. Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka. Mama hakumpa hata nafasi ya kukaa. Alimuuliza kilio kile amekitoa wapi.

Binti alijaribu kuzunguka mbuyu. Akaeleza jinsi kazi ile inavyofanywa: unasimama peke yako kwenye chumba kilichozibwa kwa sponji, unapewa orodha ya vifo. Kufa kwa kisu, kufa kwa moto, kufa kwa kuporomoka. Unalia, fundi wa sauti anasikiliza nyuma ya kioo. Alilia mara arobaini, na mara zote arobaini fundi alitikisa kichwa. Alimwambia anaimba. Vilio vyake vyote vilikuwa vimenyooka kama kiitikio, na mtu anayeuawa hana muda wa kunyoosha sauti.

"Nikafumba macho," Kengele alisema. "Nikatoa kile ambacho hakiimbiki."

"Ni changu."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala. Nilikuwa chini ya kitanda. Niliona mpaka mfupa."

Mama Kengele aliutazama mkono wake wa kushoto, uliounga vibaya juu ya kiwiko. Miaka kumi na minane alikuwa akiwaambia watu kuwa aliteleza kwenye ngazi. Alikuwa akiwaigizia kabisa, jinsi ndoo ilivyokwenda kule na yeye huku, na watu wakishika mbavu. Mumewe alikuja akafa na kuzikwa na sifa zake zote, na ile hadithi ya ngazi ikazikwa naye, ndivyo alivyofikiri. Kumbe sasa kilio chenyewe kilikuwa kinapigwa kwenye spika, na wanaume wanashindana nani atakitoa kwanza.

Akamwambia binti yake akiondoe. Kengele akasema gemu limeshaingia kwenye nyumba za watu, na kwamba kesho ana mkataba wa tatu wa kusaini. Kisha akaongeza, macho kwenye sahani tupu, kuwa kampuni imeomba vingine vya aina ile. Wachezaji wamekipenda.

"Kwa hiyo umekuja kuchukua vingine," mama alisema.

Hapo hapo kilio kikapita ukutani. Wanaume wa upande wa pili wakashangilia. Kikapita tena.

Mama Kengele aliuchukua mchi wa kinu nyuma ya mlango.

Hakubisha hodi. Kwa Cheche mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Wanaume watatu walikuwa wamebanana kwenye kochi, Cheche katikati, na kwenye kigoda karibu na spika alikaa mkewe, ambaye miaka tisa baada ya harusi watu bado walimwita Bi Harusi. Kwenye kioo, msichana wa buti za njano alikuwa amepiga magoti, shoka limeinuliwa juu ya shingo yake.

Mchi ulishuka kwanza kwenye kioo. Vipande viliruka, kimoja kikamchana rafiki wa Cheche shavu zima, damu ikamwagikia fulana. Pigo la pili lilipasua spika. La tatu lilikuwa la mashine yenyewe, na la nne pia.

Cheche akamrukia. Alikuwa mtu wa kubeba mageti. Alimpokonya mchi, akautupa, akaukamata mkono wa kushoto, akauzungushia mgongoni na kuupandisha. Hakuujua mkono ule. Kitu kikalia ndani ya nyama, na Mama Kengele akapiga kelele.

Kilianzia juu. Kikakatika katikati. Kikamalizikia na kile kipumzi.

Wanaume wa kwenye kochi wakageuka. Walikijua kila kipande chake. Yule aliyechanika shavu alikitazama kioo kilichokufa, akamtazama mama mtu mzima aliyekunjwa mbele yake, akarudisha macho kwenye kioo. Cheche naye alikuwa amekitambua, lakini mkono wake haukuachia.

Kengele alikuwa ameshaingia nyuma ya mama yake. Aliuokota mchi akampiga Cheche kwenye kifundo cha mkono, na wote waliusikia mfupa. Akampiga begani. Alipouinua mara ya tatu alikuwa analenga kichwa.

"Basi," mama alisema kutoka sakafuni. "Basi, mwanangu."

Kengele akabaki ameushika juu, miwani imedondoka, anahema. "Mnachokishangilia," aliwaambia, "ni mama yangu siku alipovunjwa mkono na baba."

Korido nzima ilikuwa mlangoni na ilisikia. Hakuna aliyeuliza habari za ngazi. Mshonaji alivua kitambaa chake kichwani, akapita juu ya vioo, akamfunga Mama Kengele mkono.

Marafiki walimchukua Cheche kumpeleka akafungwe mfupa. Alipompita mkewe alimwambia polepole, "Nikirudi tutaongea." Hakuna mtu wa korido ile asiyejua mazungumzo hayo huwa ni ya namna gani.

Walipotawanyika, Bi Harusi alifagia. Alikuja na koleo la taka mpaka mlangoni kwa Mama Kengele, akasema, bila hasira, kwamba aliyekuwa akipandisha sauti ya spika ni yeye.

Kengele akamuuliza kwa nini.

"Akimuua huyo mara kumi mchana, jioni anakuwa amechoka. Siku nne hajanigusa." "Nyimbo zako nazijua zote, dada. Kila akinipiga, mama hapa hufungulia redio."

Mama Kengele aliujua ukuta ule pande zote mbili, na ilikuwa kweli: miaka tisa, kila vishindo vilipoanza, alipandisha sauti ya mwanawe mpaka visisikike.

Kengele alitoka na simu hadi dirishani. Walimsikia akimwambia mtu wa kampuni kuwa kesho haendi, kwamba vilio vimekwisha, na kile kilichopo wakitoe, la sivyo watoe na sura yake na buti zake. Mtu wa upande ule alionekana ana mengi ya kusema. Kengele akarudia maneno yale yale.

Mama Kengele alirudisha sufuria motoni kwa mkono mmoja. Akapanga sahani ya tatu. Akausimamisha mchi kando ya mlango, upande wa ndani, pale mkono unapofika bila kutafuta. Bi Harusi bado alikuwa kizingitini na vioo vyake, macho kwenye ngazi.

"Weka hiyo takataka chini," Mama Kengele alimwambia. "Ingia ule. Leo hulali kule."